Ukiandika "madai yasiyo na msingi" tuonyeshe ulichokikagua

Soma hizi hedingi mbili taratibu. Ya kwanza: "Mkurugenzi akanusha madai yasiyo na msingi ya ubadhirifu". Ya pili: "Mkurugenzi akanusha madai ya ubadhirifu, asema hayana msingi". Nimezitunga mimi, lakini za aina hiyo unakutana nazo kila ukifungua simu asubuhi. Ukizipitia haraka haraka zinafanana, maneno karibu ni yale yale, ila kwenye ya kwanza mwandishi ameshatoa hukumu kabla hata faili moja halijafunguliwa, yaani kesi imeishia kwenye hedingi, wakati kwenye ya pili anayeongea ni mkurugenzi mwenyewe na msomaji anajua kabisa haya ni maneno ya mtuhumiwa, ayapime anavyotaka. Mtu aliyeiba akipata mwandishi wa hedingi ya kwanza hahitaji tena wakili.

Hilo ndo nataka tuliongee, kwa sababu limeshakuwa tatizo kwenye habari za Kiswahili na hata kwetu sisi tunaoposti tu. Kusema madai hayana msingi ni kusema umeenda kuangalia ukakuta hakuna kitu. Ni majibu ya kazi iliyofanyika. Sio namna ya kuonyesha uko upande gani, sio pambo la kuifanya sentensi iwe nzito, na wala sio namna nyingine ya kusema "amekataa". Kama hujakagua chochote basi hilo neno sio lako, mwachie aliyelitamka na uweke jina lake pembeni.

Siku hizi limetujia kwa wingi kutoka kwenye habari za Marekani, kule wanaandika "baseless". Kwa muda mrefu vyombo vikubwa vya kule vilikuwa na mazoea ya kuandika fulani kasema hivi, mwenzake kasema vile, msomaji ajijue. Uchaguzi wa Novemba 2020 ukaja ukaivunja hiyo staili, maana rais aliyekuwa madarakani, Donald Trump, alikuwa anasema kila siku kaibiwa kura, na kuandika tu "Trump asema kaibiwa, mpinzani wake Biden akataa" kungekuwa ni kumpotosha msomaji, aone kama pande mbili zina uzito sawa wakati hazina. Ndo hapo hilo neno likajaa kila mahali, likawekwa kwenye sentensi ya kwanza kabisa bila kumnukuu mtu, ni mwandishi mwenyewe anasema. Na sisi tukalitafsiri vile vile lilivyo, "madai yasiyo na msingi ya wizi wa kura", tukalizoea, sasa hivi tunalibandika popote. Neno tumelichukua ila kazi iliyolitangulia tumeiacha huko huko.

Na ilikuwa kazi kweli kweli. Zilifunguliwa kesi zaidi ya 60 mahakamani na karibu zote zikagonga mwamba. William Barr, mwanasheria mkuu wa serikali ya Trump mwenyewe, aliliambia shirika la habari la AP tarehe 1 Desemba 2020 kwamba wizara yake haijaona udanganyifu wa kiwango cha kuweza kubadilisha matokeo. Kwenye jimbo la Georgia kura kama milioni 5 zilihesabiwa mara tatu, moja kati ya hizo kwa mikono, karatasi kwa karatasi, na hesabu ya mwisho ikamwacha Biden mbele kwa kura 11,779. Kesi ya Trump ya jimbo la Pennsylvania ilipofika mahakama ya rufaa, jaji Stephanos Bibas, ambaye aliteuliwa na Trump huyo huyo, aliandika tarehe 27 Novemba kwamba tuhuma zinahitaji madai mahususi halafu uthibitisho, na hapa hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili. Mimi sijaona mtu aliyeeleza vizuri zaidi lini una haki ya kulitumia hilo neno. Kwanza mtu aseme kitu kinachokagulika, nani, wapi, lini, kafanya nini. Pili kikaguliwe. Kikikosekana kitu baada ya hapo, andika bila kuogopa.

Tena mfano mzuri kuliko yote uko hapo hapo Georgia. Kuna vidio ya kamera za ulinzi kutoka State Farm Arena, Atlanta, ambako kura zilikuwa zinahesabiwa. Kipande chake kikakatwa kikasambazwa, ikasemwa kwamba wafanyakazi wawili, Ruby Freeman na binti yake Shaye Moss, wametoa masanduku ya kura za magendo chini ya meza. Rudy Giuliani, wakili wa Trump, akaenda mbali zaidi, tarehe 10 Desemba 2020 aliwaambia wabunge wa jimbo kwamba hao wanawake wanaonekana wakipeana vifaa vya USB kama watu wanaopeana vichupa vya heroini au kokeini. Sasa hiyo ni tuhuma unayoweza kuikagua, ina mahali, ina watu, ina picha. Wachunguzi wakaangalia vidio nzima sio kipande, wakakuta yale masanduku ni makasha ya kawaida ya kutunzia kura na yaliwekwa pale mbele ya watu. Na ile USB? Moss aliulizwa chini ya kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani tarehe 21 Juni 2022, mama yako alikuwa anakupa nini pale? Akajibu: pipi ya tangawizi.

Pipi. Watu walienda mpaka mlangoni kwa bibi yake Moss wakitaka kuingia ndani kumkamata mtu, Freeman alilazimika kuhama nyumba yake, vitisho vya kuuawa vikamiminika kwenye simu, na kitu chenyewe kilikuwa pipi. Tarehe 15 Desemba 2023 baraza la mahakama mjini Washington likaamua Giuliani awalipe dola milioni 148. Kwenye tuhuma kama hii mwandishi anayeendelea kuandika "kuna utata kuhusu vidio hiyo" anawaumiza watu wawili kwa uoga wake, na mimi simwiti huyo mwandishi mwenye msimamo wa kati. Hapa neno "hayana msingi" linamtosha kabisa, na kwa kweli mpaka hapo lilikuwa limeshakuwa dogo, ilitakiwa kuandikwa "si kweli".

Maana hayo ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya sana. Madai yasiyo na msingi ni yale ambayo aliyeyatoa hana cha kuyashikia, hata kama kesho yanaweza kutokea kuwa kweli kwa bahati. Si kweli ni pale umeshathibitisha kinyume chake. Uongo ni hatua nyingine tena, hapo unasema aliyesema alikuwa anajua. Mwaka 2017 mwanzoni kabisa Gerard Baker, mhariri wa Wall Street Journal kipindi hicho, alisema hadharani kwamba anaogopa kuandika "uongo" kwa sababu neno hilo linabeba nia ya kudanganya na nia iko moyoni mwa mtu, na wiki chache baadae New York Times wao wakaliandika kwenye hedingi bila wasiwasi. Ukiniuliza mimi niko karibu na Baker kwenye hilo moja, andika uongo siku ukiwa na barua, na rekodi, na shahidi anayeonyesha jamaa alijua. Kwenye kesi ya Dominion, kampuni ya mashine za kupigia kura, dhidi ya kituo cha televisheni cha Fox News kilichorusha madai kwamba mashine hizo ziliiba kura, ushahidi wa namna hiyo ulikuwepo, meseji za ndani za watu wa kituo zikionyesha hawaamini kinachorushwa hewani, na Fox wakakubali kulipa dola milioni 787.5 Aprili 2023 kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Na Kiswahili kimetupa vyote hivi mkononi, sijui kwanini tunang'ang'ania kimoja. Tetesi kila mpenda mpira anazielewa, dirisha la usajili likifunguliwa ukisoma "tetesi za usajili" unajua inaweza kuwa na inaweza isiwe, na haudai pesa zako mchezaji asipokuja. Uvumi ni habari inayotembea haina mwenyewe. Uzushi ni kitu cha mtu kukaa akakitunga, kwahiyo ukisema uzushi unamtuhumu mtungaji, sio habari tu. Madai ambayo hayajathibitishwa maana yake bado tunangoja. Kila moja lina kazi yake, lakini taarifa kwa umma zinavyoandikwa siku hizi kila kitu ni uzushi usio na msingi wowote na wananchi waupuuze, halafu vyumba vya habari vinakopi na kupesti.

Hapo ndo nataka tukae kidogo, kwenye mdomo wa mtuhumiwa. Oktoba 2015 mwandishi John Carreyrou wa Wall Street Journal alitoa habari kwamba kampuni ya Theranos, ile iliyosema inapima magonjwa kibao kwa matone machache ya damu ya kidoleni, teknolojia yake haifanyi kazi kama inavyotangazwa. Kampuni ikajibu siku hiyo hiyo kwamba habari ina makosa ya kisayansi na imesimama kwenye madai yasiyo na msingi ya wafanyakazi wa zamani wasio na uzoefu na wenye kinyongo. Neno lenyewe hasa, "baseless", liko kwenye ile taarifa yao. Hao wafanyakazi waliokuwa wanaitwa wenye kinyongo ndo walikuwa wanakaa na zile mashine kila siku. Elizabeth Holmes, mwanzilishi wa kampuni, alikutwa na hatia ya kuwalaghai wawekezaji Januari 2022 na Novemba mwaka huo akahukumiwa miaka 11 na zaidi. Fikiria chombo cha habari ambacho mwaka 2015 kingeandika kwa sauti yake chenyewe "Theranos yajibu madai yasiyo na msingi". Wagonjwa waliopewa majibu ya vipimo yasiyoaminika wangekuwa wamesalitiwa mara mbili.

Huku kwetu pia ipo mifano na Kenya imetuachia miwili ambayo kila mhariri angepaswa kuijua kwa kichwa. Agosti 2017, uchaguzi ukafanyika tarehe 8, upinzani ukasema mfumo wa kutuma matokeo umechezewa. Waangalizi wa kimataifa wakausifia uchaguzi kwa ujumla, na ilikuwa rahisi sana kipindi kile kuandika kwamba Raila Odinga ana madai yasiyo na msingi, tena anayarudia kila uchaguzi, kazoea. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikafuta matokeo, majaji 4 kati ya 6, ikisema kulikuwa na kasoro na ukiukwaji wa sheria hasa kwenye kutuma matokeo. Tume ya uchaguzi iliamriwa kufungua seva zake zikaguliwe, haikutii ipasavyo, na mahakama ikalihesabu hilo dhidi yake. Hapo angalia vizuri, mahakama haikusema kila kilichodaiwa na upinzani ni kweli, na haikumkuta Uhuru Kenyatta, aliyekuwa ametangazwa mshindi, na kosa lake binafsi. Ilichosema ni kwamba mchakato haukufuata katiba na sheria. Sasa aliyeandika kwamba madai yote hayana msingi alikosea, na aliyeandika baada ya hukumu kwamba madai yote yamethibitishwa nae alikosea, kwa sababu wote wawili waliyafunga madai kumi kwenye furushi moja wakayapachika jina moja.

Miaka mitano mbele, Agosti 2022, mambo yakawa tofauti kabisa. William Ruto alitangazwa mshindi kwa 50.49%, Odinga 48.85%, George Wajackoyah 0.44%, David Mwaure 0.23%. Kesho yake makamishna wanne wa tume waliojitenga na mwenyekiti wao wakasimama mbele ya kamera wakasema ukijumlisha unapata 100.01%, na hiyo 0.01 ya ziada ni sawa na kura kama 142,000, hivyo matokeo yana walakini. Hili mtu halihitaji mahakama, linahitaji kalamu na dakika mbili. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2. Asilimia 1 yake ni 142,000. Asilimia 0.01 ni kura 1,420 hivi. Kwahiyo ile hesabu ilikuwa imekosewa mara mia. Na hata hizo 1,420 hazikuwepo popote, maana 100.01 inatokana na kukadiria desimali tu, kila mgombea asilimia yake imepandishwa kidogo hadi sehemu mbili, ukijumlisha vipande vinne vilivyopandishwa unapata kachembe ka ziada. Mwandishi aliyekuwa na simu yenye kikokotoo angeweza kuandika jioni ile ile, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba hoja hiyo haina msingi, na akaweka hesabu hapo chini kila mtu aione. Wengi waliandika "makamishna wadai kura 142,000 za ziada" wakaishia hapo, habari ikatembea nchi nzima usiku kucha ikiwa haijaguswa, kwenye nchi ambayo inajua vizuri mno kilichotokea baada ya uchaguzi wa 2007. Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu kwa kauli moja ikayatupilia mbali maombi yote, na ukaguzi wa fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo cha kura, ulionyesha hakuna tofauti ya maana kati ya zilizopandishwa kwenye tovuti na zile za karatasi zilizofikishwa Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia matokeo.

Mwaka 2017 watu waliharakisha kulitumia neno, 2022 wakaliogopa, na mara zote mbili kilichokosekana ni kitu hicho hicho, mtu wa kukaa na dai moja moja akaliangalia.

Tanzania nayo tuna la kwetu na nitalisema kwa heshima ya marehemu na familia yake. Machi 2021 Rais John Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani kwa siku kadhaa, maneno yakaanza kuzagaa, wengine wakisema anaumwa, wengine wakisema ana korona, wengine wakisema kapelekwa nje ya nchi. Tarehe 12 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwa Njombe alisema Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Polisi walithibitisha kuwakamata watu kwa kusambaza habari za ugonjwa wake. Tarehe 17 usiku Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akalitangazia taifa kwamba Rais amefariki kwenye hospitali ya Mzena Dar es Salaam kwa maradhi ya moyo, na akaeleza kwamba alilazwa kwanza tarehe 6 Machi kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaruhusiwa tarehe 7, akalazwa tena tarehe 14. Kwahiyo ndani ya yale maneno yaliyoitwa uzushi kwa jumla kulikuwa na jambo moja ambalo lilikuwa na msingi, kwamba aliugua, na mengine ambayo hayakuwahi kuletewa ushahidi na walioyasambaza. Mwandishi wa wakati ule angeandika nini? Mimi naamini sentensi ya haki ilikuwepo, nayo ni hii: Rais hajaonekana hadharani tangu tarehe fulani, serikali inasema yuko salama, habari za ugonjwa wake hazijathibitishwa. Haina ushujaa wowote hiyo sentensi, lakini tarehe 17 usiku isingehitaji kufutwa hata neno moja.

Kuna kitenzi pia kinafanya kazi hii kimya kimya. "Alisema" hakina upande. "Alidai" tayari kimeshamtilia mtu shaka. Sasa soma habari zetu uone nani anasema na nani anadai. Waziri anasema, mwananchi anadai. Kampuni inaeleza, mfanyakazi aliyefukuzwa anadai. Daktari anafafanua, mama aliyefiwa na mtoto wodini anadai. Ukishamwekea mtu "anadai" mara tatu kwenye aya moja hauna haja hata ya kumwambia msomaji kwamba hayana msingi, ameshaelewa. Mimi ningependa kuona hao wote wanasema, halafu chini tuelezwe nani kaonyesha nini.

Na mambo yakibadilika, irudi hiyo sentensi irekebishwe. Februari 2020 gazeti la Washington Post liliandika kwamba seneta wa Marekani Tom Cotton anarudia nadharia ya njama kuhusu asili ya virusi vya korona ambayo imeshapanguliwa na wataalamu. Cotton alikuwa anauliza kuhusu maabara ya Wuhan. Kwamba virusi vilitengenezwa makusudi kama silaha, hilo wanasayansi walishalikataa kwa hoja. Kwamba huenda vilitoka maabara kwa ajali, hilo hakuna aliyekuwa amelifunga. Tena yale yale, madai mawili yamefungwa pamoja. Mei 2021, baada ya miezi 15, gazeti likaweka sahihisho juu ya habari ile ile, likaondoa maneno "nadharia ya njama" na "imeshapanguliwa" na kueleza kwamba wakati ule na hata sasa hakukuwa na uamuzi uliofikiwa kuhusu virusi vilitoka wapi. Walifanya vizuri kusahihisha na kuliacha sahihisho pale juu kila mtu alione. Vyombo vyetu vingi habari ikibadilika posti inafutwa tu, hakuna maelezo, wakati skrinishoti ya hedingi ya kwanza iko kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka leo na jina la mtu liko ndani yake.